Kaya Ambayo Sikuiandika

Wanangu mnaoanza kazi hii, nianze na glasi.

Kila mmoja wenu anunue glasi ya kioo, ile ya kunywea chai ya rangi, aiviringishe kwenye kitambaa na kuiweka mfuko mmoja na daftari lake. Siku ukifika kwenye tuta la bwawa ukakuta maji yanavuja upande wa chini, usikimbie na usipuuze. Kinga maji yale kwenye glasi, iweke juu ya jiwe, kaa pembeni muda wa kumenya chungwa na kulimaliza. Ukirudi ukakuta maji yamebaki meupe, bwawa linatoka jasho tu, na mabwawa yote ya udongo hutoka jasho. Ukikuta tope limetulia kwenye kitako cha glasi, ujue maji hayapiti tu ndani ya tuta, yanalibeba tuta lenyewe. Siku hiyo usikae kuandika ripoti. Piga simu.

Hilo nimelitanguliza kwa sababu ni la kufaa. Mengine nitakayosema hayatawafurahisha, na huenda baadhi yenu mtaacha kusoma katikati.

Mimi naitwa Kalunde. Nilifanya kazi ya maji miaka thelathini na mmoja. Mwanzo nilikuwa msoma vipimo vya mto huko Igunga, baadaye nikasimamia vikundi vya tahadhari ya mafuriko vijijini, ofisi yangu ikiwa Tabora mjini. Sasa nimestaafu, nakaa upande wa Kipalapala, nalima vitunguu, na magoti yangu yanatabiri mvua vizuri kuliko baadhi ya vyombo tulivyopewa. Kijana wa ofisini aliyeniomba niwaandikie alisema, "Mama, andika tu kama unavyoongea." Basi naongea, na kama nitaruka huku na huku mtanivumilia.

Mtakabidhiwa ubao wenye namba, umesimikwa ndani ya maji. Sisi tuliuita geji. Kazi ni kwenda asubuhi na jioni, kutazama maji yamefika namba gani, kuandika. Inaonekana kazi nyepesi. Mwaka wangu wa pili niliugua malaria nikalala siku nne. Siku ya tano watu wa ofisi walikuwa wanapita kukusanya madaftari, na la kwangu lilikuwa na nafasi nane tupu. Nikazijaza kitandani. Niliweka namba zinazoshuka taratibu, kama maji yanavyoshuka siku zisizo na mvua, na hapa na pale nikaweka kupanda kidogo ili isionekane nimetunga. Nilijiona nina akili sana.

Aliyekuja kukusanya ni Fundi Nassor, ambaye amekwisha kutangulia mbele za haki. Alikuwa wa ukoo wa Waarabu wa Tabora. Babu yake alikuja na misafara ile ya zamani akakaa moja kwa moja, na yeye mwenyewe alijua Kinyamwezi cha ndani kuliko mimi Mnyamwezi. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ndogo ambayo hakuipandisha hata siku moja. Alifungua daftari langu, akatembeza kidole ukurasa mzima, kisha akainua macho akatazama nguzo ya daraja. Kwenye nguzo, juu kuliko kichwa chake, kulikuwa na mstari wa matope yaliyokauka.

"Kalunde, binti yangu," akasema, "daraja limeoga mpaka pale. Daftari lako linasema mto ulikuwa umelala."

Kumbe siku ya pili ya ugonjwa wangu mvua ilinyesha huko juu, mto ukajaa na kushuka, nami nimejifunika blanketi.

Nikasema nilikuwa naumwa. Akasema, "Ungeandika hivyo. Ungeandika naumwa, sijui. Nikiona nafasi tupu, najua kwamba sijui, nitamuuliza mtu mwingine. Hii namba yako inanifanya nidhani ninajua." Akatoa kalamu nyekundu, akazikata zile namba nane moja moja, akaandika pembeni kwa mwandiko wake mzuri: msomaji alikuwa mgonjwa. Hakunishtaki. Safari iliyofuata aliniletea vidonge na ndimu, na kuanzia hapo ndipo alipoanza kunifundisha kazi.

Alinifundisha kutazama takataka. Mto unaopanda hubeba majani na vijiti katikati ya mkondo, ukianza kushuka huvisukuma kingoni, kwa hiyo hata kabla hujafika kwenye geji unajua habari ya kuandika. Alinifundisha kutembea juu ya tuta kwa miguu, si kulitazama ukiwa ndani ya gari. Kutafuta mashimo ya muhanga na panya buku. Kung'oa mti ungali mchanga, maana mizizi ikifa inaacha mabomba ndani ya udongo. Kufukuza ng'ombe wasipande kunywa maji kupitia tutani. Na kulichunguza zaidi mwisho wa kiangazi, kwa sababu udongo ule ukikauka sana unapasuka, na nyufa zake zinaweza kumeza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mvua kubwa ya kwanza ikijaza bwawa kwa ghafla, maji yanakuta milango iko wazi.

Miaka mingi baadaye, Fundi akiwa amekwisha kustaafu, tuliitwa kwenye warsha Tabora mjini. Mgeni mmoja akatuonyesha kwenye ukuta picha za milima ya nchi za mbali, yenye barafu mwaka mzima. Akaeleza kwamba siku hizi barafu ile inayeyuka kwa joto, maji yanajikusanya huko huko juu nyuma ya ukuta wa mawe na barafu, panakuwa ziwa. Halafu siku moja ukuta unaachia, ziwa lote linashuka bondeni kwa mkupuo. Akatuonyesha wanakijiji wa huko. Mmoja anakaa juu kuliangalia ziwa, wenzake wa chini wana filimbi, simu, na njia ya kukimbilia iliyopakwa rangi kwenye mawe.

Watu ukumbini wakaanza kuchekeana. Barafu na Igunga wapi na wapi, mahali ambapo hata soda ya baridi unaulizia maduka matatu. Mgeni akacheka nao kwa adabu.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa Jilala, mlinzi wa bwawa la Mwangeme, mtu mrefu, mkimya, asiyependa warsha. Akanyoosha mkono.

"Huyo anayekaa juu," akauliza, "maji yakiachia anakimbilia wapi?"

Mgeni akasema hilo ni swali zuri. Jilala akasema, "Nauliza kwa sababu mimi nakaa juu. Nyumba yangu iko mguuni pa tuta."

Ukumbi ukaacha kucheka. Maana kama ukiondoa barafu, picha ile ilikuwa ni Mwangeme. Tuta la udongo la zamani, limezuia maji ya vijito vitatu. Chini yake korongo, korongo linaingia kwenye mbuga tambarare ambayo wapagazi wa zamani waliivuka kwa siku mbili wakiilaani, na kilomita tisa kutoka tutani kuna kijiji cha Itandula na majaruba yake ya mpunga. Siku ile ile, nikiwa bado ukumbini, nikaanza kuchora kwenye daftari nani atampigia nani.

Tulipata msaada wa vifaa. Simu kadhaa, vipaza sauti, na king'ora kimoja cha umeme wa jua. King'ora tukakifunga darajani, karibu na maji, kwa sababu tulidhani hatari inatoka mtoni basi sauti nayo itoke mtoni. Siku ya kukijaribu, kilipolia tu, kijiji kizima kilikuja mbio darajani. Wanaume na mapanga na virungu, wanawake na ndoo, mchoma mishikaki na kisu chake mkononi. Mzee mmoja alifika akihema akaniuliza, "Mwizi yuko wapi?" Nilikuwa nimesahau nilikozaliwa. Kwetu yowe likipigwa, watu hukimbilia linakotoka, kwenda kusaidia. Ingekuwa siku ya mafuriko yenyewe, king'ora changu kingewaita watu wote waje wasombwe. Tulikihamishia kwenye mwinuko wa shule kesho yake. Tukacheka sana, na mpaka leo nikikumbuka yule mzee na panga lake nacheka. Lakini mjifunze hapo: kabla hujamfundisha mtu kukimbia, jua kwanza miguu yake imezoea kukimbilia wapi.

Sasa nifike kwenye orodha.

Kikundi cha tahadhari bila orodha ni kelele tu. Tulipita Itandula nyumba kwa nyumba na mabalozi wa nyumba kumi kumi. Kila kaya tuliandika mkuu wake, nani hawezi kutembea, nani atambeba, simu ipi, na kama hakuna simu, jirani gani atagonga mlango. Ilichukua wiki tatu. Niliipenda ile orodha. Niliiandika upya kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi kubwa, nikaiwekea nailoni.

Wakati wa kuizungukia, siku moja nilivuka korongo nikaenda upande wa magharibi wa mbuga. Kulikuwa na kambi ya wafugaji, Wasukuma waliotoka upande wa Shinyanga kutafuta malisho. Ilikuwa kaya moja. Bwana aliitwa Ngasa. Yeye na wadogo zake wawili walikuwa wameenda na ng'ombe, nikamkuta mke wake, Minza, na mama yake Ngasa, bibi mmoja aliyekuwa akitembea kwa kushika fimbo mbili, na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, Kabula.

Minza akanisalimu, "Mwangaluka, mayu," akanitandikia ngozi, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikamweleza habari za bwawa na king'ora. Akasikiliza vizuri. Akasema huku king'ora hakifiki, wakati wa kukijaribu hawakusikia kitu, walishangaa tu kuona watu kwa mbali wanakimbia.

"Na sisi atatuambia nani?" akauliza.

"Mtaambiwa," nikamjibu.

Ndivyo nilivyosema. Sikuchukua hata namba ya simu, nilijiambia nitaichukua orodha ikishapita mkutanoni.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisoma orodha kaya kwa kaya, na mwisho nikasema kuna kambi ya Ngasa ng'ambo ya korongo, nayo iingie. Mwenyekiti, Bwana Shija, akanikatiza kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya, na ninaomba msimfanye kuwa hivyo vichwani mwenu.

"Mama," akasema, "hao ni watu wa kupita. Mwaka mzima tumegombana nao, ng'ombe wao wanaingia kwenye majaruba. Leo tukiwaandika kwenye karatasi yenye muhuri wa kijiji, kesho watasema ni wakazi, watadai mbuga."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Mtu mmoja akasema kwa nguvu kwamba kama karatasi ina wafugaji, yeye jina lake litolewe. Mwingine akamuunga mkono. Niliona wiki zangu tatu zinavunjika mbele ya macho yangu. Basi la kurudi Tabora lilikuwa linapita barabarani saa tisa.

Nikasema, "Basi hao tutawaweka kwenye awamu ya pili."

Hapakuwa na awamu ya pili. Niliitunga pale pale niliposimama. Wakapiga makofi, muhuri ukagongwa, nikawahi basi. Hata nafasi tupu sikuiacha kwenye ile karatasi, kwamba mtu akiitazama angeuliza hapa anakaa nani.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kirefu. Jilala alinipigia mwezi wa kumi akasema tuta limepasuka, nyufa nyingi, anajaza udongo kwa koleo lakini mtu mmoja hatoshi. Nilipeleka habari panapohusika. Mafundi walipangwa kuja baada ya sikukuu.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua ya pili tu ya msimu, ilinyesha huko juu kuanzia alfajiri. Mimi siku hiyo nilikuwa Itandula kubadilisha betri za vipaza sauti. Kijijini kulikuwa na jua kali. Watu walikuwa wanaandaa vitalu vya mpunga, na mbali huko mashariki mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Saa nane na dakika tano mchana simu yangu ikalia.

"Mama," akasema Jilala, "nimekinga kwenye glasi. Sikuhitaji hata kungoja. Ni uji."

"Yanatoka kiasi gani?"

"Mwanzo kama kidole. Sasa hivi kama paja." Nilisikia maji nyuma ya sauti yake. "Maji ya juu yamejaa mpaka kwenye utoro, na utoro wenyewe haujaanza kusaidia." Utoro ndiyo ile njia ya pembeni ambayo maji yaliyozidi hutorokea.

"Ondoka hapo, Jilala."

"Naondoka. Piga king'ora."

Nawaambia wanangu, kila kitu kilifanya kazi. King'ora kililia shuleni. Msikitini walitangaza, kanisani kengele ikagongwa, mwenye mashine ya kusaga akazima mashine na kuwatuma wateja wote mwinukoni, magunia yao wakayaacha. Rama, kijana wa bodaboda tuliyempa kazi ya majaruba, alizunguka kwenye kingo za majaruba akipiga honi mpaka mkulima wa mwisho akatoka. Mama mmoja aliyejifungua wiki ile alibebwa na kitanda chake. Mabalozi walisimama kwenye uwanja wa shule na karatasi zao, wakiita majina, na kila jina likaitikia. Nilikuwa na ile orodha ya bluu mkononi, naweka alama. Ilipofika kaya ya mwisho nikaweka alama, nikatazama saa. Ilikuwa dakika thelathini na tano tangu Jilala apige.

Bwana Shija alinishika mikono yote miwili. Alikuwa analia. "Mama," akasema, "hakuna aliyebaki."

Nami nilifurahi. Sitawaficha. Kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha kubwa kuliko nyingine yoyote niliyoipata kazini.

Halafu nikainua macho nitazame maji yatakapotokea, nikaona moshi. Upande wa pili wa mbuga, mwembamba, umenyooka kwa sababu hapakuwa na upepo. Moshi wa mtu anayepika.

Nilimwita Rama. Hakuuliza kitu, nilinyoosha kidole tu akaelewa, akawasha pikipiki. Mtu mmoja akaanza kupiga king'ora tena, lakini tulijua hakifiki kule. Bwana Shija akavua shati lake jeupe akapanda juu ya tangi la maji akawa analipunga. Wengine wakavua kanga na mashati wakapunga. Watu wale wale. Nilimtazama Rama akishuka, akapita kijiji kitupu, akatokea kwenye njia ya mbuga, mdogo kama sisimizi, akaelekea kwenye kivuko cha korongo.

Maji hayakuja kama ukuta, kama mnavyoona kwenye filamu. Yalikuja kama mbuga yenyewe inageuka rangi, kutoka manjano kuwa kahawia, kwa upana wote. Yalimwahi Rama kwenye kivuko. Tulimwona anasimama, anashuka, anapiga honi ambayo sisi hatukuisikia na ng'ambo sijui kama ilisikika. Kisha akageuza. Aliacha pikipiki njiani akamalizia kwa miguu, maji yakimfika magotini.

Moshi ulikuwepo. Baadaye haukuwepo. Hakuna kingine tulichokiona kutoka kule juu.

Ngasa na wadogo zake walikuwa na ng'ombe kwenye nchi ya juu, wakapona. Jilala alipona, nyumba yake ilikwenda. Minza tulimpata siku ya tatu kwenye migunga, mtoto akiwa bado amefungwa mgongoni kwa kanga, fundo halikulegea. Bibi alipatikana mbele zaidi. Wanaume wa Itandula ndio waliochimba makaburi, na Bwana Shija alichimba tangu mwanzo hadi mwisho bila kupokewa koleo.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa tayari imekwenda. Niliituma kwa simu jioni ya siku ile ile, kabla hatujampata mtu, kwa sababu wakubwa walikuwa wanaisubiri. Niliandika kwamba mfumo ulifanya kazi na hakuna mkazi wa Itandula aliyepoteza maisha. Soma tena sentensi hiyo. Kila neno lake ni la kweli. Redio iliisoma kama nilivyoiandika, na nikapongezwa na watu ninaowaheshimu. Ilinichukua wiki nzima kuandika ya pili, yenye majina matatu na sababu ya majina hayo kutokuwepo kwenye karatasi. Hiyo redio haikuisoma. Mkubwa wangu aliniita akaniuliza kama nina hakika nataka ibaki kwenye faili na sahihi yangu. Nikasema ibaki.

Tangu siku ile sikuandika tena orodha kwa kuanzia kwenye nyumba. Nanyi msifanye hivyo. Anza kwenye tuta. Shuka kwa miguu pale maji yatakapopita, mpaka pale yatakapochoka, na kila unayemkuta njiani ndiye orodha yako. Mchoma mkaa, mvuvi wa kambale, mchungaji, mtu aliyelala kwenye kibanda cha kulinda mpunga, hata yule mnayegombana naye. Usimuulize ametoka wapi wala atakaa mpaka lini. Muulize simu yake inashika mtandao wapi. Rudi kila msimu, maana watu wanahama na maji hayasomi karatasi ya mwaka jana. Kijiji kikikataa kugonga muhuri, tumia karatasi isiyo na muhuri. Nilimwambia hivyo Bwana Shija tulipoanza upya, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakugombana. Alisema tu, "Anza na kambi," na yeye mwenyewe akavuka nami.

Lakini kambi ilikuwa imehama. Ngasa alikuwa ameondoka na ng'ombe wake kuelekea kusini.

Nilikaa na jambo hili karibu mwaka. Mtu aliyefiwa hakujua lolote kuhusu ule mkutano. Alidhani ni bahati mbaya, maji ni maji. Nilipopata habari kwamba yuko vijiji vya huko Sikonge, nilipanda basi asubuhi, nikashuka, nikatembea, nikamkuta anatengeneza zizi. Alinikumbuka. Akaniletea kigoda, akaagiza maziwa, nikayapokea na sikuweza kuyanywa.

Nikamwambia yote. Kwamba nilikwenda kambini kwake, kwamba mke wake aliuliza nani atawaambia, kwamba nilimjibu wataambiwa. Kwamba mkutanoni walikataa, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kuwaandika kwenye daftari langu mwenyewe bila kumuuliza mtu, sikuwaandika, na niliwahi basi. Sikumtaja mwenyekiti kwa jina. Nilisema mimi.

Ngasa alikuwa ameshika kamba ya kufungia miti ya zizi. Aliendelea kuishika. Akauliza, "Yule mlinzi alipiga simu saa ngapi?"

"Saa nane na dakika tano."

"Na maji yalifika kambini saa ngapi?"

Nilijua. Nilikuwa nimeipima njia yote kwa miguu, mara mbili. "Saa tisa kamili."

"Kwa hiyo ni dakika hamsini na tano."

"Ndiyo."

Akatazama chini. Nilimwona akitembea kichwani mwake, kutoka kambini kwenda kwenye nchi ya juu, kule alikokuwa yeye na ng'ombe siku ile.

"Kutoka pale mpaka juu ni dakika kumi na tano," akasema. "Minza akiwa na mtoto, kumi na tano hizo hizo. Angemwacha mtoto kwangu. Angerudi, kumi na tano, siku hiyo angekimbia, tuseme kumi. Kisha angemshika mama, mama ni wa taratibu, tuseme dakika ishirini na tano." Alihesabu kwa vidole kwenye ile kamba. "Hamsini."

Akaiweka kamba chini.

"Zingebaki tano," akasema.

Hesabu yake ilikuwa sahihi.